Mchimba kisima huingia mwenyewe

Msomaji, ukiwapeleka watoto Fort Jesus, Mombasa, usiishie kwenye mizinga. Waonyeshe na ile njia iliyochongwa ndani ya mwamba wa matumbawe, ikateremka hadi upande wa bahari. Watoto wa Malindi na Kilifi waitazame zaidi, maana jasho la Malindi limo humo.

Zamani Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498, Mombasa ilimshuku. Malindi ikampokea, tena ikampa rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Urafiki huo ulidumu karibu miaka mia. Wareno walipoanza kujenga ngome yao mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, waashi waliletwa kutoka Bara Hindi na vibarua kutoka Malindi. Mwamba wenyewe ulikatwa: handaki likachimbwa upande wa nchi kavu, na njia ikatobolewa ili walio ndani waweze kufika majini.

Mfalme wa Malindi, Ahmad, alitunukiwa kiti cha Mombasa, akahamia huko. Kumbe tunu ile ilikuwa na miiba! Kapteni wa Kireno naye alihama, na Malindi ikaanza kufifia. Hasan, mwana wa Ahmad, alipotawala aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara na kuuawa huko mwaka 1614. Mwanawe, Yusuf, alichukuliwa akalelewa Goa. Aliporejea na kupewa kiti cha baba yake, aliingia ngomeni tarehe 16 Agosti 1631 akamwua kapteni. Mwaka uliofuata aliihama Mombasa, na Wareno wakarudi.

Na ile njia ya mwambani, je, iliwafaa Wareno? Waomani waliizingira ngome tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Kilichowamaliza walinzi, Wareno na Waswahili waliokuwa pamoja nao, hasa kilikuwa njaa na maradhi. Mwamba huzuia mizinga, haupiki ugali.

Basi mkitoka humo, kaeni kivulini, mnunulie watoto madafu, kisha waulize: Malindi ilimchimbia nani mwamba ule? Wape nafasi wajibu wenyewe.