Mashine ya kutetemeka si dawa ya sukari

Jirani yangu hapa Ggaba amerudi kutoka Dubai na mashine ya kutetemesha mwili. Unasimama juu yake, inakutikisa, eti sukari inashuka. Kina mama wa sokoni wenye kisukari wameanza kumuuliza bei.

Tusimbeze. Misuli inapokaza hufyonza sukari kutoka kwenye damu, na mtetemo huikaza hata kwa mzee asiyeweza kutembea. Majaribio kadhaa kwa wagonjwa wa kisukari aina ya pili yameonyesha nafuu fulani. Lakini yalikuwa madogo, ya wiki chache, na mashine haikuchukua nafasi ya dawa.

Ninayemwogopa ni yule atakayeiuza mpakani akikwambia utupe vidonge. Mwenye kidonda mguuni, ganzi ya nyayo au macho yaliyoharibiwa na sukari asiipande bila kumwona daktari.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Kupanda kwa miguu kutoka mwaloni Ggaba hadi Bunga ni bure, ukivumilia bodaboda wanaokuita njia nzima. Sisi tunaokaa siku nzima kwenye basi la Malaba ndio tunaohitaji zaidi. Fedha ya mashine, mimi ningenunua kwanza kipima sukari.