Mathayo Mwenyewe Alituonyesha Tumwombe Nani



Wiki hii nimetumiwa kwenye WhatsApp, mara tano kwa hesabu yangu, ile sala ya siku tisa kwa Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Walionitumia ni washirika wetu. Mmoja akauliza, "Pasta, kuna ubaya gani nikiisoma? Miezi minane naandika barua za kazi, hakuna hata anayenijibu." Mwingine akataka kujua kama kuna mtakatifu wa madeni.

Nitajibu hapa hapa kwa sababu najua si hao peke yao. Na nikianza, sitaki mtu atoke kwenye ukurasa huu akamcheke jirani yake Mkatoliki. Wengine wetu tulifundishwa kusoma na masista, tukazaliwa katika hospitali za misheni yao. Heshima iwepo. Lakini heshima haimfungi mchungaji mdomo.

Hivi ndivyo ilivyo. Kanisa Katoliki lina mtakatifu msimamizi wa karibu kila kazi. Wafanyakazi wote wana Yosefu, yule ambaye Biblia yetu inamwita Yusufu. Wenye benki na wahasibu wana Mathayo. Wahunzi na masonara wana Eligius, askofu wa Ufaransa wa karne ya 7. Mafundi wa nguo na wafanyabiashara wana Homobonus wa Cremona, Italia, mchuuzi wa vitambaa aliyefariki 1197 na kutangazwa mtakatifu 1199. Dada wa nyumbani ana Zita wa Lucca. Aliyekwama kabisa humwendea Yuda Tadei. Na asidhani mtu kwamba haya ni mazoea ya akina nyanya tu. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ulifundisha rasmi kwamba ni vyema na kuna faida kuwaita watakatifu watuombee.

Sasa lile neno msimamizi. Kwa Kilatini ni patronus, na kabla halijaingia kanisani lilikuwa neno la mjini Roma. Patronus alikuwa bwana mkubwa. Mtu mdogo alirauka alfajiri, akasimama mlangoni pake kumwamkia, na bwana akampa chakula au sarafu, akamsemea mahakamani, akamfungulia milango. Bila bwana kama huyo, hukuwa na mtu.

Ndugu yangu unayezunguka Nairobi na bahasha ya kaki, si unaujua mfumo huo? Unaingia ofisini na shahada yako, jambo la kwanza unaulizwa ni nani amekutuma. Nafasi ina mtu wake kabla haijatangazwa. Mwenye mjomba kaunti anaitwa kazini, wewe unaambiwa utapigiwa simu. Tumezoea sana hivyo hata tukipiga magoti tunatafuta mtu wa ndani huko mbinguni.

Baba yako hana ofisi ya namna hiyo. Pazia la hekalu lilipasuka kutoka juu mpaka chini (Mathayo 27:51), na Waebrania 4:16 inatuita tukisogelee kiti cha neema kwa ujasiri. Mpatanishi ni mmoja, naye ni Kristo Yesu (1 Timotheo 2:5). Huyo hukupewa na mjomba.

Najua Mkatoliki anayeijua imani yake atanijibu nini, na jibu lake si la kitoto. Atasema, "Pasta, sisi hatumwabudu Yosefu. Tunamwomba atuombee, kama vile wewe unavyoombwa uombee washirika wako. Na Ufunuo 5:8 si inaonyesha wazee mbinguni wakishika maombi ya watakatifu?" Sawa. Yakobo 5:16 inatuamuru tuombeane, nami nakuombea kila siku. Lakini mimi unanijua, unanipigia simu, nikikosea unanikosoa. Katika Ufunuo 5 maombi yako kwenye mabakuli mbele za Mwana-Kondoo, wala hakuna mtu duniani anayeonekana akiwaita wale wazee. Soma kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo unitafutie mahali mtu wa Mungu alipomwita Ibrahimu au Danieli amsaidie kupata mkate, na Mungu akapendezwa. Nitangoja.

Tena angalia waliotajwa wenyewe.

Chukua Mathayo, msimamizi wa wenye benki. Alikuwa ameketi forodhani Kapernaumu, pesa ziko mbele yake, Yesu akamwita, akaacha vyote (Luka 5:28). Halafu katika injili inayoitwa kwa jina lake kuna sura ya 6. Ile sura nzima ni dawa ya mtu mwenye wasiwasi wa pesa! Humo ndimo kuna kujifungia chumbani na kusema na Baba, kuomba mkate wa leo, kutoutumikia utajiri, ndege wasiolima, na Baba anayejua unachohitaji hata kabla hujafungua mdomo. Mathayo hakujiweka popote katikati. Ukitaka kweli kumheshimu, soma kitabu chake na ufanye kilichoandikwa.

Chukua Gaetano, msimamizi wa wasio na kazi, aliyefariki Napoli mwaka 1547. Kila tarehe 7 Agosti, mtaa wa Liniers jijini Buenos Aires, maelfu hupanga foleni mpaka kwenye sanamu yake wakiomba mkate na kazi. Wengine hukesha nje ili wawe mbele. Foleni hiyo siicheki, maana njaa haina dhehebu. Lakini ulijua kwamba Gaetano na wenzake, walipoanzisha shirika lao mwaka 1524, waliamua kutokuwa na mali na hata kutoomba sadaka, wangoje tu riziki ya Mungu? Mwenyewe hakupanga foleni kwa mtu. Alimtazama Mungu.

Na Yusufu? Hakuna neno hata moja la kinywa chake lililoandikwa katika injili. Alipompeleka mtoto hekaluni alitoa sadaka ya ndege (Luka 2:24), ambayo kwa sheria ya Walawi 12:8 ni ya mtu asiyeweza kununua kondoo. Kwa maneno mengine, nyumba aliyokulia Bwana wetu ilikuwa ya fundi wa mtaani, mtu wa jua kali, anayehesabu shilingi. Sikukuu yake kama mfanyakazi ni ya juzi tu: Papa Pius XII aliiweka tarehe 1 Mei mwaka 1955, siku ambayo vyama vya wafanyakazi na wasoshalisti walikuwa wameishika tangu mkutano wa Paris wa 1889. Ilikuwa njia ya kuwavuta wafanyakazi warudi kanisani, na kwa hilo siwalaumu.

Hapa kwetu kuna parokia yenye jina hilo Kangemi. Papa Francis alifika pale tarehe 27 Novemba 2015, na hakutumia muda wake kuwaambia wakazi wasome novena. Alisema juu ya maji, juu ya ardhi inayonyakuliwa mpaka viwanja vya kuchezea vya shule. Hapo mimi Mpentekoste nasema amina, kwa sauti.

Sasa nikuguse wewe uliyekuwa unatingisha kichwa ukisema, "Wahubirie, Pasta!" Zita wa Lucca alikuwa mtumishi wa nyumba moja tangu utotoni hadi alipokufa mwaka 1272. Dada anayekupikia na kukulelea watoto hamhitaji Zita. Anahitaji umlipe mwisho wa mwezi, mshahara kamili, bila kumwambia "ngoja kwanza nimalize ada ya shule." Yakobo 5:4 inasema kilio cha ujira uliozuiliwa kinaingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Hakipitii kwa mtu. Huyo dada akilia jikoni kwako usiku, faili imeshafika, na jina lililoandikwa juu yake ni lako.

Na wenzetu wa wokovu wenye mafuta ya upako wa kazi, maji ya kufungua biashara, leso za kuvunja laana ya madeni: mnatofautiana vipi na hao mnaowaita waabudu sanamu? Mtakatifu Yosefu angalau hana namba ya Paybill. Kijana ameshakopa kwenye simu, amekatwa Fuliza, kodi ya miezi miwili inamngoja mlangoni, halafu mtumishi anamwambia apande mbegu ya elfu mbili ndipo Mungu asikie. Huo ni upatronus wa Roma uliovaa suti. Mimi ni mchungaji wako, si mlango wako. Siku nitakapokuambia Mungu hakusikii mpaka upitie kwangu, hama kanisa.

Kwa hiyo, dada wa miezi minane, ile karatasi ya siku tisa iache. Amka kesho asubuhi, fungua Mathayo 6, mwambie Baba kwa Kiswahili, kwa Kikamba, kwa lugha unayolilia, kiasi cha kodi unachodaiwa, kwa tarakimu. Taja jina la kampuni uliyoiandikia. Kisha vaa viatu utoke. Na wewe wa madeni, leta orodha yote, hata lile deni ambalo mkeo halijui.

Jumatano hii saa kumi na mbili jioni tunaombea wasio na kazi na waliolemewa na mikopo. Hakutakuwa na sadaka wala bahasha. Njoo na vyeti vyako, nakala mbili mbili. Wazee wa kanisa wenye ujuzi wa kuandika barua za kazi watakaa pale nyuma kukusaidia, na wenye biashara zao ambao wanatafuta watu, nawaomba mfike mapema mnione. Mkatoliki akitaka kuja, kiti kipo. Chai itakuwepo.