Hesabu mafuta kwa gunia, siyo kwa lita



Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA inatangaza bei kikomo za mafuta, na siku hiyo hapa Majengo maneno kijiweni ni hayo hayo: petroli imepanda ngapi, dizeli imeshuka ngapi. Ni haki kufuatilia. Agosti 2022 petroli ilivuka shilingi 3,400 kwa lita Dar es Salaam, na sisi wa Sumbawanga tuko mbali na bandari, hivyo bei kikomo ya kwetu huwa juu ya ile ya Dar es Salaam.

Lakini bei ya lita hatuipangi sisi. Tunachoweza kupanga ni lita ngapi ziungue ili gunia moja lifike sokoni. Maoni yangu ni kwamba pesa nyingi inapotelea hapo, na hapo ndipo tunapoongea kidogo.

Tufanye hesabu

Tuseme Canter ya tani 4 inatoka mjini kwenda kijijini na kurudi, inakula lita 20 za dizeli. Lita tuiweke shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi. Safari nzima ni shilingi 60,000. Ikirudi na magunia 40 ya kilo 100, kila gunia limebeba shilingi 1,500 za mafuta. Ikirudi na magunia 20, kila gunia limebeba karibu shilingi 3,000. Ni kweli gari lenye mzigo mdogo linakula pungufu kidogo, lakini haliwezi kula nusu, maana gari lenyewe lina uzito wake na njia ni ile ile.

Sasa bei ikishuka shilingi 100 kwa lita, kwenye safari hiyo ya magunia 40 unaokoa shilingi 50 tu kwa gunia. Ukijaza gari lililokuwa linatembea nusu, unaokoa zaidi ya shilingi 1,000 kwa gunia. Na mkulima usiseme hilo ni la dereva. Mchuuzi akifika nyumbani kwako anapiga hesabu ya usafiri kwanza, ndipo anakutajia bei ya mahindi.

Anza kabla ya kuwasha injini

Gari likizunguka kwa watu kumi, huyu gunia mbili bondeni, yule gunia tatu kilimani, linaunguza mafuta kwenye njia mbovu, kwa gia ndogo, kusimama na kuondoka. Kubalianeni siku moja na sehemu moja ya kukusanyia mzigo, iwe ghala la chama cha msingi au uwanja wa karibu na barabara. Mahindi na maharage makavu yanaweza kusubiri siku mbili yakiwa yamefunikwa vizuri. Nyanya na samaki hawasubiri, hilo najua, na wenye mzigo huo wana hesabu yao.

La pili ni safari ya upande mmoja. Msimu wa mbolea utaona bodaboda kumi kutoka kijiji kimoja, kila moja inafuata mifuko miwili mjini, na wakati huo huo Canter iliyoleta mahindi inarudi kijiji kile kile tupu. Ongeeni na dereva mapema. Kila mtu anunue mbolea yake, mizigo iwekwe pamoja, gari moja ipakie.

Ila kujaza siyo kuzidisha. Gari lililozidishwa mzigo linakula matairi, springi na breki, na mizani inakusubiri mbele. Lumbesa nayo haisaidii: gunia ni moja kwa jina, lakini kilo injini inaziona zote.

Dereva akiwa barabarani

Upepo wa matairi. Tairi laini linamfanya mtu avute mzigo ambao haupo. Pima asubuhi likiwa bado la baridi, na ufuate kipimo cha gari lako, siyo cha jirani.

Mguu. Kukanyaga mafuta kwa nguvu halafu kufunga breki mita mia mbele ni kununua mwendo na kuutupa. Kwenye lami ya Tunduma, mwendo wa wastani usiobadilikabadilika unakula kidogo kuliko kukimbia, kwa sababu upepo unaokupinga unaongezeka haraka kadiri unavyokimbia.

Mteremko. Kuna madereva wanaoshuka kwenda Muze, Mtowisa au Kasanga wakiwa wameweka nyutro, wanasema wanaokoa mafuta. Tutoke huko. Kutoka uwandani hadi Ziwa Rukwa unashuka karibu mita 1,000. Ukiwa ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, injini haitumii mafuta au inatumia kidogo sana, na inasaidia kushika gari. Ukiwa nyutro breki peke yake ndiyo inashika, ikipata moto inaachia. Hakuna lita inayolingana na roho za watu waliokaa juu ya mzigo.

Kusimama. Kwenye foleni ya kuuza mahindi au wakati wa kupakia, zima injini. Kuunguruma saa nzima hakusogezi gunia hata hatua moja.

Hewa. Kiangazi vumbi letu linaziba chujio la hewa upesi. Lisafishe mara kwa mara, na likichoka libadilishe. Bodaboda za kabureta zina jambo lingine: huku juu, karibu mita 1,800, hewa ni nyepesi kuliko pwani, kwa hiyo kabureta iliyowekwa kwa ajili ya pwani inamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Ukiona plagi nyeusi yenye masizi na moshi mweusi, mpelekee fundi airekebishe. Na cheni ipakwe oili, isilegee wala kukaza.

Tajiri na dereva

Hapa wengine hawatanipenda. Matajiri wengi wanampa dereva mafuta ya kukadiria, kisha wanalalamika kwamba yanafyonzwa. Pimeni. Jaza tenki, andika namba ya kilomita, fanya kazi, jaza tena kwenye kituo kile kile. Gawanya kilomita kwa lita. Fanya hivyo mara tatu, utajua gari lako linakula nini likiwa na mzigo na likiwa tupu. Baada ya hapo kubalianeni kwamba kinachookolewa dereva apate sehemu yake. Mtu asiye na faida kwenye kuokoa hataokoa, hata umhubirie.

Kununua

Petroli ya kwenye chupa pembeni ya njia ina bei kubwa, kipimo chake hukijui na uchakachuaji ni rahisi. Ukiweza, jaza mjini kabla ya kuondoka. Bei kikomo ya Sumbawanga unaipata kwenye simu kwa *152*00#. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini ya bei hiyo, hakiruhusiwi kuuza juu yake. Dai risiti. Lakini usivuke mji mzima kufuata punguzo la shilingi 20, utaliunguza njiani.

Kazi ya wiki hii ni moja: chukua daftari, andika safari moja tu, lita ngapi na magunia mangapi, kisha gawanya. Wakulima, muulizeni mchuuzi gari lake litaondoka na magunia mangapi kabla hamjapatana bei. Likijaa, na ninyi mna sababu ya kudai nyongeza.

Mwenye hesabu yake alete ofisini, tuipitie pamoja. Kazi njema.