Ngoma za Ufukoni: Je, Mwanafunzi Aende?

Muhula uliopita katika mjadala wa shule yetu hoja ilikuwa hii: "Matamasha ya muziki yapoteza vijana, yafaa yapigwe marufuku." Walioiunga mkono walishinda kwa kura nyingi, nami niliinua mkono pamoja nao. Leo naomba nafasi niseme kwamba nilikosea. Tena kosa langu lilikuwa kubwa kuliko la wenzangu, maana siku ile nilikuwa nimekwisha kwenda tamasha mwenyewe, na hapana aliyejua.

Ilikuwa hivi. Katika likizo ya Agosti mimi na binamu yangu tulisikia habari za ngoma itakayopigwa kwenye ufuko mmoja wa Ziwa Victoria, ziwa ambalo sisi twaliita Nalubaale, si mbali na Kampala. Nilimwambia mama nakwenda mazoezi ya kwaya. Tukapanda taksi, kisha bodaboda, na saa tisa tulikuwa mchangani.

Nitasema kweli juu ya niliyoyaona. Ulevi ulikuwapo, na maneno machafu yalikuwapo. Lakini jioni alikuja mzee mmoja, akaketi juu ya kigoda akapiga endingidi, zeze letu la uzi mmoja. Vijana waliokuwa wakirukaruka wakanyamaza wote. Mimi ni Mganda, nimekaa shuleni miaka kumi na mitatu, na nilikuwa sijapata kuisikia endingidi kwa karibu hata siku moja. Ilinibidi niseme uongo ili nikaisikie.

Jua lilipokuchwa, mwenye boti mmoja akaita watu awatembeze majini kwa shilingi elfu tano. Tuliingia kama watu ishirini. Majaketi ya kuokolea niliyahesabu, yakawa saba. Nilijua vema hatari yake. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe iitwayo MV Templar ilizama katika ziwa hili hili upande wa Mukono, ikiwa na watu waliokuwa wakistarehe kwa muziki, na zaidi ya watu 30 wakafa. Ilielezwa baadaye kwamba chombo kilikuwa kibovu, hakina leseni, na kimejaza watu kupita kiasi. Wakati ule nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, na vilio vya redioni sijavisahau. Yote hayo niliyakumbuka, na bado nikanyamaza, kwa kuogopa kuchekwa.

Tulipofika mbali mashine ikazimika. Mawimbi yakatupiga ubavuni, maji yakaingia hata vifundoni. Msichana mmoja akaanza kulia. Binamu yangu akanishika mkono kwa nguvu, asiseme neno. Nami katika giza lile nilikuwa na wazo moja tu: nikizama hapa, mama atakwenda kunitafuta kanisani.

Mashine iliwaka tena, tukarudi salama. Basi, ndugu zangu, ni kitu gani kilichotaka kuniua? Si ngoma. Ni mambo mawili: chombo kisicho na majaketi ya kutosha, na uongo wangu. Na uongo huo ulikuwa na mzazi wake. Nilijua kwamba nikiomba ruhusa nitajibiwa hapana kabla sijamaliza kusema.

Pengine mwenzangu atasema: "Basi tamasha likipigwa marufuku kabisa, hutakuwa na pa kwenda." Marufuku yamekwisha jaribiwa. Tamasha la Nyege Nyege lilianza Jinja, kando ya mto Nile, mwaka 2015. (Jina hilo Waswahili hulionea haya, lakini kwetu lina maana ya hamu ya ghafula ya kucheza ngoma.) Mwaka 2018 waziri wa maadili alilikataza, kisha likaruhusiwa. Septemba 2022 Bunge likaagiza lisifanyike, na Waziri Mkuu akaliruhusu kwa masharti. Mara zote mbili marufuku hayakusimama. Kilichobaki ni masharti, na masharti ndiyo tungaliyapima tangu mwanzo. Tazameni pia Zanzibar, mji wa misikiti na watu wa heshima, ambako tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004. Hapana aliyesema kwamba Zanzibar imeacha kuswali kwa sababu ya ngoma.

Kwa hiyo nasema haya. Wazazi, msikilizeni mtoto mpaka mwisho, hata kama jibu litakuwa hapana. Walimu, mwanafunzi aliyetimiza miaka kumi na minane apewe njia ya kuomba kwa barua, aende na mtu mzima anayejulikana, arudi kabla ya giza. Tena mwiteni mzee wa endingidi hapa shuleni, ili ufuko usiwe mwalimu wetu wa pekee wa mambo ya babu zetu. Nasi wanafunzi, tusiingie chomboni bila jaketi, hata wakicheka dunia nzima. Anayecheka hatakuzamia.

Kabla ya kuandika haya nilimweleza mama yote. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Na binamu yako ajua kuogelea?" Nikamjibu, "Hajui, Mama." Akanyamaza muda mrefu. Kisha nikamwuliza kama angaliniruhusu. Akasema, "La, nisingalikuruhusu, mwanangu. Lakini tungalizungumza, na kama ungalikaidi, ningalijua pa kukutafuta."

Maneno hayo yamekaa moyoni mwangu kuliko mahubiri mengi. Namwomba mwenyekiti wa mjadala airudishe hoja ile muhula ujao. Safari hii nitasimama upande wa pili, na nitaomba niwe msemaji wa kwanza.