Baridi ya Kiwanda Ianzie Paani

Kaskazini mwa Lilongwe, barabara ya M1 inapita Kanengo kwenye viwanda vya tumbaku, kisha Lumbadzi karibu na uwanja wa ndege. Mwenye mtaji anayetaka kusindika maziwa upande huu huanza kwa kuuliza bei ya mashine za kupozea. Kwa maoni yangu, aanze na paa.

Lilongwe iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri ya Julai baridi huuma hasa, na Oktoba mchana joto hufika nyuzi 30 na kuzidi, ila usiku hewa hupoa. Kuanzia mwisho wa Oktoba jua hupita utosini, kwa hiyo ukali wake wote huangukia paa. Ingia karakana ya fundi cherehani katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, upande huuhuu, saa nane mchana majira hayo: bati tupu, dari hakuna, chuma cha cherehani kimeshika moto, na mlango ulio wazi hausaidii kwa kuwa joto linashuka kutoka juu. Kiwanda chenye bati kama hilo kitalipia umeme wa kupambana na paa lake chenyewe. Rangi nyeupe, tabaka la kuzuia joto chini ya bati na matundu ya kutolea hewa usiku hugharimu mara moja tu. Harare, jengo la Eastgate lililofunguliwa mwaka 1996 linapozwa zaidi na hewa ya usiku, na tabianchi yake haiko mbali na ya hapa.

Umeme nao hautabiriki. Januari 2022 dhoruba ya Ana ilibomoa sehemu ya bwawa la umeme la Kapichira, na takriban megawati 130 zikapotea kwa zaidi ya mwaka mzima. Wengi hukimbilia jenereta. Lakini dizeli hununuliwa kwa dola, na Novemba 2023 dola moja iliruka kutoka kwacha 1,180 hivi hadi 1,700. Hesabu ya gharama iliyopigwa Oktoba ilikuwa haina maana tena mwezi uliofuata.

Afadhali kuweka akiba ya baridi yenyewe. Umeme unapokuwapo, mashine igandishe barafu tangini. Ukikatika, barafu ipoze maziwa, na jenereta ndogo itoshe kuendesha pampu. Kilo 1 ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto sawa na linaloondolewa kupoza kilo 4 za maji kwa nyuzi 20.

Joto pia lisitupwe. Maziwa hupashwa moto hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha hupozwa hadi nyuzi 4. Yanayotoka moto yayapashe yanayoingia baridi, na joto la kompresa lipashe maji ya kuoshea vyombo. Hapo boila ya kupashia maziwa inaweza kuwa ndogo.

Na boila hiyo itakula nini? Dzaleka ina zaidi ya watu 50,000 wanaohangaikia kuni na makaa ya kupikia. Kiwanda kikiingia soko hilohilo, mama wa kambini ndiye atakayelipa. Maganda ya karanga yapo, yatumike. Wanaotoa vibali vya ujenzi wadai kwanza mchoro wa paa na maelezo ya nishati ya boila itakakotoka. Visipokuwapo, kibali kisitolewe.