MAONI YETU: Aliyefukiwa ardhini anamsubiri nani?

AGOSTI 11, 2025, watu 25 walifukiwa ardhini katika mgodi wa kikundi cha Chapakazi, Nyandolwa, Wilaya ya Shinyanga, wakati wa ukarabati wa maduara. Mtu wa Didia hahitaji kuelezwa Nyandolwa ni wapi. Ni wilaya yake. Kazi ya kuwatafuta ilikwenda kwa siku nyingi, huku ndugu wakiwa wamekaa chini pembeni wakisubiri.

Vigogo walifika, wakatoa pole, wakaondoka na mashangingi yao. Sisi tunauliza: duara likimomoka kesho, ni nani aliyeandaliwa kuingia?

Siyo siri kwamba anayeingia kwanza ni mchimbaji mwenzake. Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa Nyangalata, Wilaya ya Kahama. Watu walikwisha kata tamaa. Baada ya siku 41, watano walitolewa wakiwa hai, baada ya sauti zao kusikiwa na wachimbaji wenzao. Novemba 6, 2022, ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, waliofika kwanza ni wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao alizawadiwa ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Tunampongeza. Lakini kumzawadia shujaa mmoja siyo mpango wa uokoaji.

Kwa wenzetu wa Ulaya na Marekani pia kuna watu wengi wa kujitolea katika kazi hii. Tofauti ni kwamba wameandaliwa. Ni walimu, wauguzi, mafundi magari. Wapo wenye mbwa wao wenyewe, wanaowalisha kwa fedha zao, na kila wiki hukutana kufanya mazoezi. Mbwa huanza akiwa mdogo, kwa mchezo: mtu anajificha, mbwa anamtafuta, akimpata anapewa mpira wake. Kisha mchezo unakuwa mgumu. Mtu anafichwa chini ya kifusi, usiku, penye kelele za mashine. Mbwa anafundishwa kusimama pale harufu inapotokea na kubweka mpaka mwenye mbwa afike. Huchukua kama miaka miwili kabla ya kufaulu mtihani, na mtihani hurudiwa. Mwenye mbwa naye husomeshwa kujua upepo unavuma kutoka wapi, kutumia kamba na kutoa huduma ya kwanza.

Mbwa wa namna hiyo waliletwa Nairobi na waokoaji wa Israel baada ya ubalozi wa Marekani kulipuliwa Agosti 1998. Lakini waliletwa kwa ndege kutoka ng'ambo, na mtu aliye chini ya kifusi anahesabu saa.

Tusidanganyane. Mbwa hanusi mwamba. Harufu lazima ipate ufa wa kupitia, na duara refu lililozibwa kwa udongo na maji litamshinda. Lakini kwenye jengo lililoporomoka kama lile la Kariakoo, Novemba 16, 2024, au kifusi kilichoacha nafasi za hewa, pua yake huonyesha pa kuanza kuchimba.

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta pua. Pale SUA Morogoro, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Mmoja wao, Magawa, alifichua mabomu 71 nchini Kambodia, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu na Waingereza. Hapo hapo Morogoro panya wamefundishwa kupenya vifusi wakiwa wamebeba mkoba mdogo wenye kamera, na kuvuta swichi wanapomkuta mtu. Kazi hiyo imefanywa kwa kushirikiana na GEA, kikundi cha waokoaji wa kujitolea cha Uturuki. Panya wa Morogoro anaandaliwa kwenda kuokoa watu Uturuki. Shinyanga ni karibu zaidi!

Watu wa kujitolea hapa hawakosekani. Huu ni mkoa wa sungusungu. Yowe likipigwa usiku, hakuna anayeuliza posho. Kinachokosekana ni mafunzo, vifaa na nia ya wakubwa.

Kwa hiyo tunasema yafuatayo. Kwanza, kila eneo la machimbo liwe na kikosi cha wachimbaji wa kujitolea kinachofahamika kwa majina, chenye bima, kamba, kofia ngumu, mitungi ya hewa, pampu na vifaa vya kusikilizia sauti chini ya ardhi. Pili, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji likifundishe na kukifanyisha mazoezi kila baada ya miezi mitatu, siyo siku ya msiba. Tatu, kila mgodi uwe na daftari la wanaoshuka na wanaopanda, ili pasiwe na ubishi kuhusu waliobaki chini. Nne, Serikali izungumze na watu wa Morogoro.

Fedha zitoke wapi? Zitoke kwenye mrabaha. Masoko ya madini yalianza mwaka 2019, na dhahabu inayofika pale hupimwa na kukatwa kabla mchimbaji hajaondoka. Serikali inayojua kuhesabu gramu haiwezi kushindwa kuhesabu watu.

Mchimbaji ameshalipia uokoaji wake. Apewe.