Msiwachanganye kanga wadogo na wakubwa ghafla

Nafuga kanga hapa Mbinga, naomba niseme hili: wakubwa wakiona wageni huwadonoa kichwani, na damu ikishaonekana kundi zima linamrukia mmoja. Inaumiza kuona! Watengee wadogo kona ndani ya banda lilelile, wavu katikati, waonane wiki mbili tatu bila kugusana. Wakishaota manyoya vizuri, wafungulie jioni giza likiingia, na vyombo vya chakula viwekwe mbalimbali ili mnyonge asikose. Kuhusu baridi, wenzetu wa Mbamba Bay na Liuli, kando ya ziwa, wana nafuu ya joto. Sisi wa huku milimani, hasa Juni na Julai, tafadhali tusitoe vifaranga nje asubuhi nyasi zikiwa bado na umande.